Mama Vestina, Shangazi na Karai la Mchanga

Tarehe thelathini Juni mwaka huu, Mama Vestina Ininahazwe atakabidhi funguo za ghala letu la mbegu hapa Kasulu na kustaafu rasmi, baada ya miaka ishirini na sita ya kuutumikia Ushirika wa Tujijenge. Mwenyekiti wetu, Bwana Sylvesta Mpawenimana, ameniagiza mimi Tunu Mansuri wa mapokezi niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu, akasisitiza uwe wa heshima. Kwa upande wa heshima nitajitahidi. Ila anayetaka wasifu wa Mama Vestina usio na habari za choo cha paka, huyo auandike mwenyewe.

Tuanze na kazi. Mama Vestina aliletwa na wazazi wake kutoka Burundi akiwa bado mtoto wa kushikwa mkono, akakulia Kibondo, na uraia wake akaupata hapahapa. Ukimwudhi anakusema kwa Kiswahili hadi katikati ya maneno, kisha humalizia kwa Kiha, na hapo ujue umefika pabaya. Tawi letu la Kibondo ndilo lililomwajiri kwanza, akawa anachambua maharage ya mbegu kwenye turubai pamoja na kina mama wengine. Baadaye akawekwa kwenye mizani kupokea mazao, akawa msaidizi wa mtunza ghala, na mwisho akahamishiwa Kasulu kulishika ghala kubwa lote.

Kipimo cha unyevu wa mahindi tunacho, cha betri. Mama Vestina hukitumia, lakini kwanza hung'ata punje. Punje ikilia ka!, anapokea. Ikikaa kimya, anakurudisha nyumbani ukaianike, uwe mkulima wa kawaida au shemeji yake. Shemeji yake amesharudishwa, tena si mara moja, na bado wanasalimiana vizuri tu.

Wazee wa ushirika hawajasahau masika ile lori la mbegu liliponasa kwenye tope likitokea Kibondo. Dereva alishuka kutafuta msaada, utingo akaenda naye, Mama Vestina akagoma kuondoka. Turubai lilikuwa limepasuka, naye alikuwa anahamia Kasulu na begi lake la nguo. Alilifungua, akafunika magunia kwa vitenge vyake vyote ila kimoja. Mbegu zilifika kavu. Mwenyewe alifika amelowa chapachapa, amejitanda kitenge kimoja kilichobaki, akaulizia kwanza mizani iko wapi.

Hata hivyo, ghala la mbegu lina adui asiyekubali kung'atwa, naye ni panya. Zamani tulikuwa tunatega sumu. Tulikuwa pia na paka mmoja dume aliyeitwa Sajenti, akiingia na kutoka apendavyo. Siku moja Sajenti alikula panya aliyekwisha kula sumu, akafia mlangoni, mbele ya miguu ya Mama Vestina. Alimzika mwenyewe nyuma ya ofisi, hakutaka kusaidiwa jembe. Kisha akamwendea mwenyekiti, akamwambia kuwa katika ghala lake sumu imekwisha, na paka ajaye atakaa ndani, hatatoka.

Basi madirisha yakawekwa wavu, na paka akaja, jike la rangi ya majivu, kutoka Buhigwe ndani ya kikapu cha mihogo mikavu. Alipotolewa kikapuni hakujificha kama paka wengine. Alizunguka ghala zima, akanusa gunia moja baada ya jingine, akapanda juu ya mizani, akakaa, akatutazama kwa zamu. Athuman, kiongozi wa wapakiaji mizigo, akasema huyu hasa ndiye shangazi aliyekuja kukagua mke wa mpwa wake. Tukacheka, na jina likabaki hilohilo. Shangazi.

Paka wa ndani lazima awe na choo ndani. Mama Vestina alichukua karai chakavu la zege, akalijaza mchanga uliochekechwa, juu yake akanyunyiza maranda kutoka kwa fundi seremala jirani, akaliweka kwenye kona tulivu, mbali na chakula. Alikata kopo la mafuta ubavuni, akalitoboa matundu kwa msumari, likawa kijiko cha kuzolea: mchanga unapita, mzigo unabaki. Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango mkubwa, alilisafisha karai. Sisi tulikuwa tunaona ni usafi tu. Kumbe mwenzetu alikuwa anasoma. Kidonge kikubwa cha mchanga uliolowa kilimwambia Shangazi amekunywa maji. Choo laini chenye umbo kilimwambia tumbo liko salama. Kikiwa kidogo na kikavu kama cha mbuzi, uso wake ulibadilika, na siku hiyo hata shemeji asingethubutu kuleta mahindi. Alikuwa na kauli yake, "Kinachoingia ndicho kitokacho, mwana wanje," yaani mwanangu kwa Kiha, na aliisema hata kwa watu.

Miaka kadhaa ikapita vizuri. Panya wakahama, mbegu zikawa hazina tundu. Halafu kiangazi kimoja mambo yakaharibika. Shangazi alianza kukojoa nje ya karai. Akaanzia kwenye viroba vitupu, tukanyamaza. Akaja kwenye turubai, tukanung'unika. Mwisho akachuchumaa juu ya gunia la mbegu za maharage, na gunia hilo, kwa bahati mbaya tusiyoisahau, likachukuliwa na Mzee Niyomwungere, mkulima mwenye ulimi usiolala. Alirudi nalo siku ya pili akiwa amelibeba kichwani kupita sokoni katikati, akimweleza kila aliyemsalimia kuwa Tujijenge sasa wanauza maharage yaliyokwisha kuungwa.

Aibu ile! Kamati ilikutana haraka. Bwana Sylvesta ni mpole, lakini mbegu ni mbegu, na mkulima akishakosa imani na ghala hurudi kupanda chochote alichonacho nyumbani. Kamati ikaamua kwamba hali isipokuwa imebadilika kufikia mvua za kwanza, paka aondoke na sumu irudi. Kila mtu alijua maana ya paka aliyezoea ndani kutolewa nje sokoni, penye mbwa na panya wenye sumu. Mama Vestina alisimama mbele ya kamati akaomba asikilizwe, sauti ikamkatikia. Akakaa chini. Nilikuwepo, na moyo wangu uliniuma.

Ushauri ukamiminika. Mmoja akasema paka amezeeka, mwingine akasema ana kiburi, mwingine akataja mkono wa mtu. Athuman alisikia kwamba dawa ni kumsugua pua kwenye uchafu wake, akamsugua. Shangazi alijificha nyuma ya magunia, akabana haja yake mpaka tukaogopa atapasuka, na alipotoka alikuwa anamkimbia Athuman kama anavyokimbiwa mdai. Mama Vestina alibadilisha mchanga, akahamisha karai, akaongeza karai la pili. Bure. Shangazi aliingia, akachimba, akachuchumaa, akalia sauti nyembamba ya kuumia, akaruka nje na kwenda kutafuta gunia.

Ndipo akaitwa bwana mifugo, Nurudini, kijana mtaratibu aliyezoea zaidi ng'ombe na mbuzi. Alimpapasa Shangazi tumbo na kusema limejaa na ni gumu, na kibofu kina uvimbe. Akaeleza kwamba paka kwa asili ni mnywaji mvivu wa maji, sehemu kubwa huyapata ndani ya chakula. Akila vikavu na vya chumvi, mkojo unakuwa mchache na mkali, unamchoma, na choo kinakauka. Naye akiumia ndani ya karai, hajui kosa ni la chakula. Anadhani karai ndilo linalomuumiza, basi analikimbia. Kumpiga au kumsugua pua ni kumwongezea hofu. Aliacha dawa ya uvimbe, akauliza swali moja: huyu anakula nini?

Mama Vestina alijibu kwa kujiamini. Anampa dagaa aliowaosha kwa maji ya moto hadi chumvi itoke, na kijiko cha ugali laini, asubuhi na jioni. Nurudini akatikisa kichwa, akasema chakula hicho peke yake hakiwezi kumfikisha hapa. Kuna kingine. Mama Vestina aliapa hakuna. Bwana mifugo hakubishana naye, akaomba tu kwamba mchana ule wakae wote wawili mahali pa kuona.

Mchana tunaletewa chakula na Mwajabu, mama lishe wetu wa getini, ambaye kwao ni Tanga na mkono wake wa mapishi haujasahau. Sahani zikafika, tukakaa kwenye magunia, na Shangazi akaja kukaa katikati akitutazama. Hapo ndipo siri ikatoka. Nani huku kwetu anaweza kula akitazamwa bila kusema karibu? Hata mpita njia asiyejulikana hukaribishwa, sembuse shangazi wa mtu! Athuman akadondosha vichwa vya dagaa wa chumvi chini ya kiti. Dereva akadondosha ngozi ya mgebuka mkavu, samaki wa Ziwa Tanganyika. Kutoka upande wangu likashuka tonge la ugali lililochovywa maharage. Kila mmoja alimega kidogo, tena kwa kificho, akiamini ni yeye peke yake mwenye huruma. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilikuwa tumboni mwa Shangazi. Mama Vestina alikuwa anahesabu kwa macho huku mdomo uko wazi. Kisha mlango wa ofisi ukafunguka, akatoka Bwana Sylvesta, mwenyekiti aliyetia saini ya kumfukuza paka, ana kipande cha samaki mkavu kwenye karatasi, anaita kwa sauti ya chini, "Shangazi, njoo."

Tulicheka hadi Mwajabu akaja kuuliza kulikoni. Mama Vestina hakucheka. Alisema, "Yemwe! Jamani, mnamuua kwa ukarimu."

Mtadhani mambo yaliishia hapo. Hayakuisha. Kumkataza mtu wa huku kukaribisha ni sawa na kumwambia avue shati hadharani. Alituomba, tukaitikia, na kesho yake dagaa wakadondoka tena. Alibandika tangazo ukutani, watu wakala wakiwa wameligeuzia mgongo. Athuman alijitetea kwamba chakula hakishuki kooni pale anapomwona mtu mzima anaangalia tu. Mvua nazo zilikuwa zinakaribia, na Shangazi alikuwa bado analia karaini.

Mwezi wa Ramadhani ukaingia. Waislamu ghalani ni mimi na Athuman. Mimi nilikuwa nikibaki mapokezi, lakini Athuman alipenda kukaa palepale na wenzake mchana, akisikiliza mazungumzo huku wao wanakula. Siku moja Mama Vestina aliacha kula katikati ya tonge akamkazia macho. Alichokiona ni kwamba watu walikuwa wanakula mbele ya Athuman kwa amani kabisa. Hakuna aliyemkaribisha, hakuna aliyeona aibu, kwa sababu kila mtu alijua amefunga, na anayemsukumia chakula mtu aliyefunga ndiye mkosa adabu. Mama Vestina alinawa mikono, akasimama, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo Shangazi amefunga. Daku anakula kwake asubuhi, na anafuturu kwake jioni.

Kicheko kilichoanguliwa hapo nilikisikia hadi mapokezi, na sijawahi kusikia kingine kama hicho. Lakini Mama Vestina ni mtu wa staha. Alimgeukia Mwajabu, naye pia Mwislamu, mbele ya wote, akamwuliza kama maneno hayo yanamkwaza. Mwajabu akasema kwao pwani paka hulala hadi kwenye baraza la msikiti na hakuna anayemfukuza, na kama funga ya Athuman imempunguzia kelele, basi hata paka itamfaa. Athuman mwenyewe alifurahi kupata mwenzake. Akageuka kuwa askari wa saumu ya Shangazi, na mkono wowote ulioanza kushuka chini ya kiti aliudaka kwa sauti: "Amefunga huyo!" Mwezi ukaandama, Idi ikaliwa, na Shangazi aliendelea na funga yake kama kawaida. Anaendelea nayo hadi leo.

Nyuma ya kicheko hicho kulikuwa na kazi. Dagaa walioshwa kwa maji ya moto na kuchemshwa bila chumvi, wakapewa pamoja na mchuzi wao. Siku ya gulio Mama Vestina alinunua utumbo na ini kidogo, akakatakata. Ugali ukapungua, maharage yakafutwa, na bakuli pana la maji likawekwa mbali na karai, kwa kuwa paka hapendi kunywa karibu na chooni, kama wewe usivyopenda. Dawa ya Nurudini ilifanya sehemu yake. Vidonge vya mchanga vikaanza kukua. Asubuhi moja Mama Vestina alitokea kwenye ile kona uso umechanua, akatueleza alichokikuta kwa undani ambao mwenyekiti amenikataza kuurudia hapa.

Kamati ilikuja kukagua mvua za kwanza zilipogonga bati. Bwana Sylvesta alipita kila pembe akinusa kama Shangazi alivyonusa siku aliyofika. Hakupata harufu. Wakakaa kwenye mabenchi kuandika uamuzi, na Shangazi, ambaye hajawahi kumwogopa kiongozi yeyote, akapita mbele ya meza yao, akaingia karaini, akachimba taratibu, akajisaidia, akafukia kwa ustadi, akatoka mkia juu. Kamati nzima ilitazama bila kupumua. Bwana Sylvesta ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Mafanikio ya Mama Vestina ni mengi kuliko paka. Kina mama aliowafundisha kuchambua mbegu, wengine waliotoka kambi ya wakimbizi ya Mtendeli kabla haijafungwa, sasa wanafanya kazi hiyo bila kusimamiwa, na magunia ya Tujijenge yanaaminika Kabanga na vijiji vyake. Mzee Niyomwungere mwenyewe amerudi kuwa mteja, ingawa kila gunia bado analinusa kwanza, kwa maonyesho.

Ila tulipojua kwamba mwaka wa kustaafu umefika, jambo lililotutia hofu lilikuwa hilohilo moja. Alipokwenda Kibondo kumwoza bintiye, karai halikusafishwa. Kila mtu alidhani mwenzake amelisafisha. Paka ni mtu wa kujiheshimu, haingii choo kichafu, na Shangazi alikwenda kujisaidia kwenye kiti cha Mama Vestina. Neno sumu lilisikika tena kwenye korido. Mama Vestina aliporudi akaona kile kiti, hakugomba. Alikaa kwenye gunia, akasema afadhali asistaafu.

Aliyeokoa jahazi ni mtu asiyetarajiwa, Athuman, aliyekuwa akisema kila siku kwamba yeye anabeba magunia, habebi uchafu wa paka. Alikwenda mwenyewe kuomba afundishwe. Mama Vestina akamfundisha, kisha akaanza kukaa getini kwenye benchi la Mwajabu asubuhi, asiingie ndani, ili Shangazi azoee mkono mpya. Mwanzo haukuwa mzuri. Athuman aliosha dagaa kwa maji baridi, akidhani maji ni maji, na karai likamsema. Alirudia upya. Asubuhi moja alitoka nje mbio na lile kopo la matundu mkononi, amelinyanyua juu kama kombe la mpira, anapita katikati ya wakulima, anamwonyesha Mama Vestina kilichomo. Mama Vestina alikitazama, akafunika uso kwa kitenge, akalia. Mwajabu aliondoa vitumbua vyake mezani haraka.

Wiki iliyopita tulikula pamoja mchana, kama siku zote. Shangazi alikuja akakaa karibu na miguu ya Mama Vestina, akamtazama. Niliona mkono wake ukimega kipande kidogo cha mgebuka, nikaona unashuka polepole kando ya kiti, yeye aliyeitunga sheria, yeye asiyewahi kuivunja hata siku moja. Athuman naye aliuona. Aliweka sahani yake chini, akasema kwa upole, kama unavyosema na mama yako, "Samahani, Mama. Shangazi amefunga."

Tuliacha kutafuna. Mama Vestina alirudisha mkono, akakila kile kipande mwenyewe. Akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na kicheko kilipoisha machozi yaliendelea. Alimshika Athuman bega, akasema sasa anaweza kwenda nyumbani.

Mama Vestina, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Kasulu na Kibondo, asante. Umetulindia mbegu, umetulindia jina, na umetufundisha kwamba kumpenda anayekutegemea ni kujua kinachomfaa, hata mkono ukiwasha kumpa kingine. Shamba lako la Kibondo linakungoja, na wajukuu wanakungoja. Nenda ukapumzike, ule vizuri, unywe maji ya kutosha, na kila asubuhi mambo yako yaende laini. Tutakukumbuka sana, na ukipita Kasulu usituruke. Maisha mema, Mama yetu. Karai liko safi.